Nani Anamzika Mtu wa Iowa?

Aliye jikoni asogeze redio karibu, na aliye safarini aongeze sauti ya simu yake kidogo, maana leo tunakwenda mbali.

Tunazungumza juu ya msiba. Najua si habari ya kumchangamsha mtu jioni, lakini nivumilieni. Kuna kauli moja ambayo watu wetu wanapenda kuitoa wakizungumzia Marekani. Wanasema: wale wenzetu hawazikani. Mtu akifa, kampuni inapigiwa simu, inakuja, inamchukua, inamwosha, inamvisha, inamzika, halafu inaleta bili. Basi. Hamjapata kuisikia? Mimi nimeisikia matangani, nimeisikia kijiweni, nimeisikia hata kwa watu waliowahi kuishi huko. Ndani yake mna ukweli. Lakini ni ukweli nusu, na jioni hii nataka tuitafute ile nusu nyingine.

Kwa hiyo swali langu ni hili: katika mji mdogo wa Marekani, nani hasa anamzika mtu?

Sizungumzii New York, wala Chicago. Nazungumzia vijiji na miji midogo ya Magharibi ya Kati: Iowa, Illinois, Indiana, Ohio, Michigan, Wisconsin, Minnesota, Missouri na majirani zao. Ni nchi ya mahindi na soya, barabara zilizonyooka mpaka macho yanachoka, na baridi ambayo sisi tunaisikia tu. Mji wa huko unaweza kuwa na watu 1,000 au 2,000. Ukiingia unapokewa na maghala marefu ya nafaka kando ya reli na mnara wa maji ulioandikwa jina la mji. Kuna makanisa matatu, manne. Kuna benki, posta, shule, kituo cha zimamoto ambacho wazimamoto wake wengi ni wakulima na mafundi wanaojitolea. Na karibu na barabara kuu utaona nyumba kubwa ya kizamani yenye baraza pana na bustani iliyofyekwa vizuri. Mgeni atadhani ni kwa tajiri wa mji. Mara nyingi ni kweli ilijengwa na tajiri, miaka mia na zaidi iliyopita. Siku hizi ndiyo nyumba ya mazishi. Katika nyingi za nyumba hizo, mwenye shughuli na mkewe waliishi ghorofani na kulea watoto wao huko, huku chini wageni wakija kuaga wapendwa wao.

Nyumba hii ilitoka wapi? Maana haikuwako tangu mwanzo. Wakulima wa kwanza wa nchi zile walizikana kama babu na bibi zetu. Mtu alifia nyumbani, akina mama wa jirani wakamwosha na kumvisha, wanaume wakaranda mbao na kuchimba kaburi, maiti akalazwa sebuleni siku moja au mbili, watu wakakesha. Seremala wa mji, yule aliyetengeneza meza na makabati, ndiye aliyetengeneza na majeneza. Ndiyo maana katika miji mingi duka la samani na shughuli ya mazishi vilikuwa mali ya mtu mmoja, chini ya paa moja. Hata leo kampuni maarufu kuliko zote za majeneza nchini humo jina lake ni la mji mdogo wa Indiana, Batesville, ambako mafundi wa mbao walikuwa wengi. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1884.

Halafu ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865. Vijana wa Ohio na Illinois walikufa mbali, na wazazi waliojiweza walitaka miili irudi nyumbani. Hapo ndipo kazi ya kuhifadhi mwili kwa dawa ilipopata soko. Rais Abraham Lincoln alipouawa mwezi Aprili 1865, mwili wake ulitiwa dawa ukasafirishwa kwa treni kutoka Washington hadi Springfield, Illinois, ukipita Cleveland, Indianapolis na Chicago. Watu wengi sana walijipanga kumuaga, na wengi wao ndiyo mara ya kwanza kuona maiti aliyekaa siku nyingi bila kuharibika. Kutoka hapo, taratibu, kazi ya jirani ikawa taaluma. Chuo Kikuu cha Minnesota kimekuwa kikifundisha taaluma hiyo tangu mwaka 1908.

Na kuna jambo moja ambalo naamini wengi wenu hamjapata kulisikia. Mpaka miaka ya 1960, mtu akipata ajali shambani au barabarani katika miji ile, aliyekuja kumpeleka hospitali mara nyingi alikuwa yule yule mwenye nyumba ya mazishi. Kwa nini? Sababu ni nyepesi: gari lake la maiti ndilo pekee mjini ambamo mtu angeweza kulala kwa urefu. Viwanda vya Ohio, kama kile cha Superior mjini Lima, vilitengeneza magari ya kazi mbili. Asubuhi gari linabeba jeneza, mchana linawekwa taa nyekundu linakimbiza mgonjwa. Ripoti maarufu ya mwaka 1966 ya wanasayansi wa taifa ilisema takriban nusu ya huduma ya kubeba wagonjwa nchini ilikuwa mikononi mwa watu wa mazishi. Ripoti hiyo ndiyo iliyosaidia kubadili mambo, kukaja madereva waliosomea huduma ya kwanza. Lakini fikiria uzito wake, ndugu msikilizaji. Mtu yule yule alikuwa akikimbia usiku kukuokoa, na akishindwa, anakuzika. Mji ulimwamini kwa yote mawili.

Imani hiyo haijakwisha. Katika majimbo kama Indiana na Illinois, kaunti huwa na mchunguzi wa vifo anayechaguliwa kwa kura, na katika kaunti ndogo si ajabu kumkuta ni mwenye nyumba ya mazishi. Viti vyake vya kukunja, vyenye jina la nyumba mgongoni, vinaazimwa kwa harusi na mikutano. Kalenda inayotundikwa jikoni mara nyingi ni yake. Fulana za timu ya watoto amezilipia yeye. Na katika vituo vidogo vya redio vya huko, kama ilivyokuwa kwetu wakati wa matangazo ya vifo ya Radio Tanzania, kuna saa ambayo mtangazaji husoma majina ya waliofariki na mahali pa mazishi, na jikoni watu hunyamaza wasikilize.

Haya. Nyumba tumeijua. Sasa turudi kwenye swali letu: je, ndiyo inayozika?

Tuchukue mzee wa kawaida wa huko, mkulima mstaafu, aliyewahi kuwa askari. Amefariki mwezi Februari, usiku. Familia inapiga simu, na kweli, mwenye nyumba anakuja mwenyewe, amevaa suti saa nane za usiku. Anamjua marehemu. Pengine alimzika mke wake. Mpaka hapo ile kauli yetu ya kijiweni ina haki yake: mwili umechukuliwa na mtu wa biashara.

Lakini asubuhi simu zinaanza kulia upande mwingine wa mji. Akina mama wa kanisa wana zamu zao. Mmoja anampigia mwenzake, naye anampigia mwingine: wewe lete mikate ya nyama ya nguruwe, wewe lete viazi, wewe keki. Siku ya mazishi, nenda chumba cha chini ya kanisa uone. Meza ndefu zimefunikwa karatasi nyeupe. Kuna mabakuli ya viazi vilivyookwa kwa jibini na krimu, chakula ambacho watu wamekizoea misibani kiasi cha kukiita viazi vya mazishi. Kuna jeli za rangi rangi, kuna vitafunio vitamu vilivyokatwa vipande vya mraba, kuna birika kubwa za umeme zinazochemsha kahawa tangu alfajiri. Ukigeuza bakuli moja, chini yake utakuta kipande cha utepe wa gundi kilichoandikwa jina la mwenye bakuli, ili lirudi kwake. Watu wakila, akina mama wamesimama mlangoni mwa jiko na aproni zao, wanatazama nani hajapata. Hakuna bili ya hapo. Familia ikitoa sadaka kwa kikundi, imetoa. Isipotoa, hakuna anayeuliza.

Je, huyo ni nani kama si jirani anayezika?

Twende makaburini. Februari ya Minnesota au Iowa kaskazini, ardhi imeganda ngumu kama saruji. Zamani walishindwa kuchimba, wakahifadhi miili kwenye chumba cha mawe mpaka majira ya kuchipua. Siku hizi wanaweka kifuniko cha chuma chenye moto wa gesi juu ya mahali pa kaburi, kinayeyusha ardhi usiku kucha. Makaburi yenyewe, mengi, si ya kampuni. Ni ya kanisa, au ya mji, au ya kata. Wadhamini wa kata, watu watatu hivi waliochaguliwa na wenzao, ndio wanaosimamia nyasi zikatwe na uzio usianguke, hata kwenye makaburi ya zamani ambayo hayana tena mtu wa kuyalilia.

Na marehemu wetu alikuwa askari. Basi pembeni ya kaburi wamejipanga wazee wa American Legion, chama cha wapiganaji wa zamani kilichoanzishwa mwaka 1919. Umri wao ni miaka 70, 75, wamevaa kofia zao za chama, upepo unawachapa. Wanapiga risasi mara tatu. Bendera inakunjwa, inakuwa pembetatu, inakabidhiwa kwa binti wa marehemu. Halafu mzee mmoja anainua tarumbeta mdomoni, wimbo wa kuaga unasikika. Ukimsogelea utagundua hapulizi. Wapiga tarumbeta wamekuwa adimu, kwa hiyo tangu miaka ya 2000 kuna kifaa kidogo cha elektroniki kinachoingizwa ndani ya tarumbeta, ndicho kinachopiga. Mzee anabonyeza kitufe, anainua tarumbeta, anasimama wima mpaka wimbo uishe. Mimi jambo hili linanigusa sana. Hawezi kupiga, lakini hakubali mwenzake azikwe kimya.

Hata fedha za mazishi zilikuwa na ushirika wake. Mwaka 1883, mtu aitwaye Joseph Cullen Root alianzisha chama mjini Lyons, Iowa, kiitwacho Modern Woodmen of America. Makao yake makuu leo yako Rock Island, Illinois. Mwanzoni utaratibu ulikuwa hivi: mwanachama akifa, wenzake wote wanachangishwa, mchango unakwenda kwa mjane na watoto. Akina mama mnaonisikiliza, utaratibu huo mnaujua vizuri, ndio mnaouendesha kila mwezi. Root huyo baadaye, mwaka 1890, alianzisha chama kingine mjini Omaha, Nebraska, na wanachama wake wengi waliwekewa jiwe la kaburi lililochongwa kama shina la mti. Ukipita kwenye makaburi ya zamani ya Iowa au Nebraska utayaona mawe hayo mpaka leo. Na lazima niseme pia upande wa pili: mlango haukuwa wazi kwa kila mtu. Modern Woodmen ya mwanzo ilipokea wanaume weupe tu. Ujirani wa miji ile ulikuwa na mipaka yake, na mtu mweusi aliyekufa karibu nao mara nyingi alizikwa na watu wake peke yao.

Kwa hiyo jibu letu ni lipi? Jibu ni kwamba figa moja haliinjiki chungu. Nyumba ya mazishi inapokea mwili, inapanga saa, inaongoza msafara wa magari, na ni kazi nzito inayostahili malipo. Lakini anayezika ni mji. Ni jiko la kanisa, ni wazee wa Legion, ni wadhamini wa kata, ni mkulima anayesimamisha trekta kando ya barabara na kuvua kofia msafara ukipita, hata kama hamjui marehemu. Narudia: nyumba ya mazishi inasimamia, mji ndio unaozika.

Na hapa ndipo wasiwasi wangu ulipo. Mji unapungua. Kaunti nyingi za Iowa zina watu wachache leo kuliko mwaka 1900. Mashamba yamekuwa makubwa, wakulima wamekuwa wachache, shule zimeunganishwa, vijana wamekwenda Des Moines na Minneapolis. Magazeti ya miji, yaliyokuwa yakichapisha tanzia ndefu ya kila mtu, hata ya mtu aliyefuga kuku tu maisha yake yote, yanafungwa: tangu mwaka 2005 Marekani imepoteza zaidi ya theluthi ya magazeti yake. Jiko la kanisa linabaki na akina mama wanne, wote wamevuka miaka sabini. Wazee wa Legion hawatimii tena kwenye mstari. Watoto wa mwenye nyumba ya mazishi wamesomea kompyuta, hawataki simu ya saa nane za usiku, kwa hiyo nyumba inauzwa kwa mwenzake wa mji wa pili ambaye sasa anahudumia miji minne au mitano, au inachukuliwa na kampuni kubwa ya mbali. Na tangu katikati ya miaka ya 2010, Wamarekani wanaochagua kuchomwa ni wengi kuliko wanaochagua kuzikwa. Kuchomwa kwenyewe si tatizo, kila mtu na imani yake. Tatizo ni pale ambapo hakuna siku ya kukutana tena. Majivu yanachukuliwa kaunta, yanawekwa kabatini, na akina mama hawana wa kumpikia.

Yuko mwandishi mmoja, Thomas Lynch, mshairi na mwenye nyumba ya mazishi wa mji mdogo wa Milford, Michigan. Mwaka 1997 alitoa kitabu The Undertaking, kilichowafanya Wamarekani wengi waitazame upya kazi hii. Msimamo wake kwa miaka yote umekuwa mmoja: walio hai wamsindikize maiti mpaka mwisho, na kama mwisho ni tanuri, basi waende mpaka kwenye tanuri, wasimwachie mfanyakazi peke yake. Mimi nakubaliana naye. Bei inaweza kujadiliwa. Kuwapo hakujadiliwi.

Sasa mtaniuliza: haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu, kwa sababu watu wetu wako huko. Iowa, na miji ya Rock Island na Moline upande wa Illinois, ina familia nyingi za Wakongo na Warundi zinazozungumza Kiswahili nyumbani. Kirksville, Missouri, mji wa watu wapatao 17,000, una jamii ya Wakongo. Wako Wakenya wengi Minnesota. Baadhi ya hawa wamefuata kazi za viwanda vya nyama, na wamejikuta katika miji ile ile tuliyoizungumza. Na kifo hakiwaulizi kama karatasi zimekamilika. Akifa mtu, michango inaanza usiku ule ule, ya kusafirisha mwili kurudi Bukavu au Kisii, maelfu ya dola, na familia inatoka msibani ikiwa na deni.

Kwa hao, na kwa ninyi wenye ndugu huko, nina maneno machache ya kazi. Tangu mwaka 1984 kuna kanuni ya serikali ya Marekani inayozilazimu nyumba za mazishi kutaja bei. Ukipiga simu kuuliza, wakutajie. Ukienda mwenyewe, wakupe orodha iliyoandikwa, kila huduma na bei yake. Una haki ya kununua jeneza kwingine, na hawaruhusiwi kukutoza kwa kulikataa lao. Hawaruhusiwi kukwambia sheria inalazimisha dawa ya kuhifadhi mwili wakati hailazimishi. Muislamu anayetaka kuoshwa na kuvishwa sanda na kuzikwa haraka, aulize mapema. Cedar Rapids, Iowa, una msikiti uliojengwa mwaka 1934, na Waislamu wa huko wana makaburi yao tangu miaka ya 1940. Si jambo geni katika nchi zile.

Na neno la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa. Ndugu yangu uliye Ottumwa kule Iowa, uliye Kirksville, uliye Moline: jirani yako Mmarekani akifiwa, usikae ndani ukisema sikualikwa. Huko hakuna kadi ya msiba. Ukiona tangazo, nenda siku ya kuaga, andika jina lako kwenye kitabu cha wageni, mpe mkono mfiwa. Kisha shuka chumba cha chini ya kanisa na sufuria ya wali au sahani ya maandazi, uwasaidie wale akina mama wanne kuosha vyombo. Wanahitaji mikono, na wewe siku moja utawahitaji wao. Na ninyi mlio huku, mpigieni ndugu yenu wiki hii, mumuulize mambo mawili tu: yumo kwenye chama cha kuzikana, na angependa azikwe wapi? Mumuulize akiwa mzima.